Mashati Mia Mbili ya Wachuna Chai

Hiyo mashine mliyonionyesha kwenye simu ni nzuri, sikatai. Unalaza tishati, unabonyeza, kichwa kinaenda na kurudi kama mtu anayepiga deki, na baada ya dakika chache picha iko kwenye nguo bila skrini, bila stensili, bila mtu kuchafuka vidole. Mmesafiri watatu kutoka Bomet mpaka hapa kwangu Kiptere na karatasi za bei za mashine mbili, mmeniita kogo, yaani nyanya, kwa heshima zote, na sasa mnataka niwachagulie moja. Kunyweni chai kwanza. Halafu mnisikize vizuri, kwa sababu mimi nina ugomvi na hizo karatasi.

Zimeandikwa mashati mangapi kwa saa. Sawa, mashati ya nani? Yatavaliwa wapi, yatafuliwa na nani, kwa sabuni gani? Hapo karatasi imenyamaza. Zimeandikwa pia wino wa shati moja ni kiasi gani. Mimi nimeiona mashine kama hiyo mjini Kericho, na kijana anayeiendesha hakunificha. Aliniambia ule wino mweupe hutulia chini ukaziba vitundu, kwa hivyo kila asubuhi anamwaga mwingine kuosha kichwa, kazi iwepo isiwepo. Kabla ya kuchapa shati jeusi lazima alinyunyizie dawa, alikaushe, ndipo alilaze. Sasa mbona hiyo dawa na huo wino wa kuosha havimo kwenye hesabu yenu? Mashine inayokunywa hata ikiwa imelala ni lazima uijue kabla hujaileta nyumbani.

Mnacheka. Mimi sicheki. Miaka ya tisini, pale Kericho, karatasi kama hizi nusura zigeuze meza yangu kuwa kuni, na kunirudisha nyumbani mimi na wenzangu wawili mikono mitupu. Ndiyo maana nikiona mtu ananionyesha "mashati mangapi kwa saa" damu inanipanda.

Meza yenyewe ilikuwa ya mbao za mkaratusi, ndefu kumzidi mtu aliyelala na mkono ameunyoosha, juu imetandikwa blanketi, na juu ya blanketi plastiki nzito iliyopakwa nta ili tishati lisiteleze. Aliyeitengeneza ni mwalimu wangu, Mzee Ombui, Mkisii aliyekuja Kericho kutafuta kazi ya mashamba ya chai akaishia kuchapa nguo. Karakana ilikuwa ya Bwana Koros, mtu wetu wa huku, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Koros alileta wateja. Mzee Ombui alileta ujuzi. Mimi niliingia pale nikiwa msichana wa kufagia, na nikatoka nikiwa mimi ninayewaambia wengine washike wapi.

Kazi ya skrini ni hii. Una fremu ya mbao iliyovutwa neti nyembamba. Unakata herufi zako kwenye stensili kwa wembe, unaibandika chini ya neti, unaweka wino juu, unauvuta kwa ubao wenye mdomo wa raba. Mara moja, kwa nguvu moja, bila kusitasita. Ukisitasita mstari unabaki kwenye shati, na mteja ataona hata akiwa mbali kule Longisa. Mzee Ombui alikuwa akisimama nyuma yangu akisema, "Cheptoo, vuta kama mtu anayejua anakoenda." Nilikuwa sijui ninakoenda, lakini nilivuta.

Kosa langu kubwa la kwanza mtalisikia hata nikifa, kwa sababu mwenzangu Nyaboke hakuacha kulisimulia. Alikuja mzee mmoja wa kanisa, Mkipsigis kama mimi, akataka tishati thelathini za kwaya. Kanisa lao si la Kikatoliki, shikeni hilo. Nikamuuliza jina la kwaya, akaniambia kwa mdomo, nami nikaandika nilivyosikia. Na sisi Wakipsigis mnatujua: b na p kwetu ni ndugu wa tumbo moja, tunaazimana. Nikakata stensili, nikachapa thelathini kwa wino wa buluu, nikazianika kwa fahari. Mzee Ombui akaja kutazama. Akasoma. Akavua kofia.

"Cheptoo. Hii kwaya ni ya nani?"

"Ya wale wa kanisa la kule juu."

"Na mbona umewaandikia PAPA YETU? Unataka kuwapeleka Roma wote thelathini?"

Ile kwaya ilikuwa inaitwa Baba Yetu. Uwiii! Nilikaa chini kwenye mtungi wa maji. Nikaona kazi imeisha, nikaona mchungaji anasimama mbele ya karakana akihubiri jina langu. Nyaboke, aliyekuwa anakunja mashati, alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Lakini Mzee Ombui hakupiga kelele. Alichukua wembe, akakata stensili ndogo ya kitu kimoja tu, lile tumbo la chini la herufi B, basi. Tukapita shati kwa shati tukiipa kila P tumbo lake. Mchana PAPA alikuwa amekuwa BABA, na kwaya ikaimba Jumapili bila kujua ilivyoponea. Tangu siku ile mteja hanipi jina kwa mdomo. Namkabidhi kalamu aandike mwenyewe, hata awe mwalimu mkuu.

Mambo ya mvua sitawafundisha, mmezaliwa huku. Asubuhi jua, saa nane mvua, na ole wako uwe na mashati hamsini kwenye kamba. Tulichapa mapema, tukaanika ndani karibu na dari, jiko la makaa chini likiwaka taratibu, kisha tukapitisha pasi ya moto juu ya kila chapa ili wino ushike. Kati ya pasi na shati unaweka karatasi. Kuna siku Rhoda, yule mwenzetu wa tatu, aliweka gazeti. Timu ya mpira ikaenda uwanjani ikiwa na nusu ya tangazo la kifo kwenye vifua, maandishi yamegeuka. Walifungwa, wakasema tuliwaloga. Tangu hapo tukatumia karatasi ya khaki isiyo na maandishi.

Sasa mashine. Mzee Ombui alikuwa ameshazeeka, akarudi kwao Kisii, akaniachia kazi ya meza na ubao wake wa raba. Miezi michache baadaye Koros akaenda Nairobi na kurudi na kompyuta, kichapishi cha rangi, na mashine ya joto, lile sanduku zito la chuma linalofunga kama mdomo wa mamba. Unachapa picha kwenye karatasi maalum, unailaza kwenye tishati, unafunga mdomo, unahesabu sekunde ishirini, unafungua, unabandua. Aliuza ng'ombe wanne kuinunua. Na mnajua mtu wetu akiuza ng'ombe wanne, hicho alichonunua hakiwezi kuwa na kasoro mbele ya watu.

Akatuita. Alikuwa na karatasi mkononi, kama nyinyi.

"Sekunde ishirini shati moja," akasema. "Dakika moja, matatu. Saa moja, mia na themanini! Nyinyi watatu mnatoa mangapi?"

"Inategemea rangi," nikamwambia.

"Hapo ndipo mnanimaliza. Mashine haitegemei. Mwisho wa mwezi ile meza naipasua kuni. Nitabaki na mtu mmoja wa kubonyeza."

Hakusema ni nani. Sisi watatu, kila mmoja aliogopa kumtazama mwenzake. Hicho ndicho kitu kilichoniudhi zaidi ya zile kuni, kwamba kwa neno moja alitufanya tuogopane hivyo. Nilimwambia Nyaboke jioni ile, nikiwa na hasira ya kulia, "Hiyo meza haipasuliwi nikiwa hai. Ng'o."

Kabla ya mwisho wa mwezi ikaja oda. Shamba moja kubwa la chai lilituma karani wake, Bwana Wekesa, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Walitaka mashati kwa wachuna majani, kila shati na nambari ya mchunaji, ili msimamizi akiwa barabarani amjue kila mtu aliye ndani ya chai. Kwanza mia mbili ya majaribio. Yakifaa, yangefuata mia sita. Wekesa akasema nambari ziwe mgongoni, kubwa, kama za wachezaji wa mpira. Koros akagawa. Moja mpaka mia ni ya mashine, ataibonyeza mwenyewe. Mia na moja mpaka mia mbili ni ya meza.

"Atakayepata zile mia sita ndiye anabaki," akasema. "Na msije mkasema niliwaonea."

Nilichukua stensili ya kukatia nambari nikakaa nayo, na kitu kikanikataa. Mama yangu alichuna chai mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilimkumbuka kwa umbo, na katika kumbukumbu zangu zote mama yangu hana mgongo. Ana kikapu. Mbele ana eproni ya plastiki kutoka kifuani mpaka magotini. Sasa huyu msimamizi aliye barabarani ataisoma wapi hiyo nambari?

Jumamosi nikapanda mpaka kwenye lile shamba, mchana, wakati wanapima majani. Nikawauliza wenyewe. Walishangaa kwanza, maana hakuna aliyewahi kuwauliza kitu kuhusu nguo yao. Mama mmoja wa umri, waliyemwita Mama Sigei, akatua kikapu chake akanigeuzia mgongo. Mahali pale kikapu kinapokaa shati lilikuwa limelika mpaka likawa jembamba kama chujio la chai.

"Unataka kuandika hapa?" akaniuliza. "Baada ya wiki mbili kikapu kitakuwa kimekula."

"Basi niandike wapi, mama?"

Akajipiga juu ya mkono, chini kidogo ya bega. "Hapa. Wanataka kutuona? Waangalie mkono, si ndio unachuna?" Wenzake wakashangilia. Mwingine akasema, "Na iandikwe vizuri, nimechoka kuitwa wewe-wa-kitambaa-chekundu."

Nikaona kingine pia. Nilipita kwenye zile nyumba za laini wanapoishi, na karibu kila mlango ulikuwa na pasi ya makaa kizingitini. Nikauliza, kwani huku kuna harusi? Wakanicheka. Nguo za kazi hazikauki msimu wa mvua, kwa hivyo asubuhi kabla ya kengele mtu anazikausha kwa pasi, anavaa zikitoa mvuke. Hata mama alikuwa anafanya hivyo. Nilikuwa nimesahau, nadhani kwa sababu saa hizo nilikuwa bado nimelala.

Nikarudi, nikawaambia Nyaboke na Rhoda: tunachapa mkononi. Rhoda akashtuka. "Koros alisema mgongo. Mteja alisema mgongo. Tukikosea tumekwisha wote." Nikamwambia, tukifuata tumekwisha pia, tofauti ni kwamba tutakuwa tumekwisha tukijua. Alinuna, lakini akaenda kutafuta msumeno.

Mkono wa shati ni mwembamba, wino unapenya upande wa pili. Nyaboke alikata ubao wa upana wa kiganja, akausugua kwa msasa, tukawa tunauvisha mkono wa shati kama soksi. Nikatengeneza skrini ndogo kumi, sifuri mpaka tisa. Na hapa nanyi sikizeni, maana hii ni akili ya meza. Hatukuchapa shati moja likaisha ndipo tukaenda lingine. Mia na moja mpaka mia na tisini na tisa yote yanaanza na moja. Tukachapa ile moja kwenye mashati yote tisini na tisa bila kubadilisha skrini, kisha tukarudi na tarakimu za kati, kisha za mwisho. Lile la mia mbili tukalifanya peke yake kama mtoto wa mwisho.

Rhoda akaweka mikebe miwili na maharagwe. Kila shati lililokuwa tayari kuvaliwa, haragwe moja, la mashine huku na la meza huku. Saa sita Koros akaja kuchungulia. Mkebe wa mashine ulikuwa na thelathini na moja. Wetu haukuwa na hata moja, kwa sababu tulikuwa na mashati tisini na tisa yenye tarakimu moja kila moja, yananing'inia juu kama popo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hata panya hawezi kushiba hapa," akasema akitikisa mkebe wetu.

Halafu akaona nambari ziko wapi. Kicheko kikakatika.

"Cheptoo! Nambari ni za mgongoni!"

"Mgongoni kuna kikapu, Bwana Koros."

"Nani alikuambia ufikirie? Nilikuambia uchape!"

"Nimechapa. Na nimefikiria pia, hilo sikulipishi."

Sijui yale maneno yalitoka wapi. Koros akaniambia mteja akiyakataa nitalipa mashati yote mia, na kuni atakata mwenyewe mbele yangu. Akaondoka. Nyaboke akaniuliza polepole kama niko sawa, nikamwambia alete sifuri.

Sasa ukweli wa hesabu, maana sitawadanganya ili nionekane shujaa. Mashine ilitushinda. Zile sekunde ishirini zilikuwa za kubana tu. Kuchapa karatasi kulichukua dakika kadhaa kila moja, kisha kukata pembeni kwa makasi, na karatasi ikikaa wazi ilivuta unyevu wa Kericho ikajikunja na kukwama ndani. Mashati tisa yaliharibika. Hata hivyo ilimaliza mia yake nusu siku kabla yetu. Sisi tuliharibu mawili, moja Rhoda aligeuza tarakimu. Na kwa mambo mengine hatungeiweza kabisa. Mtu akija na picha ya marehemu baba yake akitaka tishati moja, meza ingefanya nini? Mashine ilikuwa inamtoa mzee anatabasamu, rangi zote. Nilikuwa naisifu kwa hilo hata nikiwa naichukia.

Mashati yakaenda. Wekesa alipoona mikono akakuna kichwa, akasema yeye ni karani tu, atayapeleka. Zikapita wiki tatu. Wiki tatu zile nilikuwa nikisikia shoka popote, hata la jirani, naruka. Koros alikuwa hatusalimii. Rhoda aliniambia siku moja, bila kunitazama, kwamba ana watoto wanne, na kama nimekosea nisimpikie maneno. Alikuwa na haki ya kuniogopa.

Wekesa akarudi na gunia. Akalimimina kwenye meza yetu, si kwenye mashine, kwa sababu meza ndiyo iliyokuwa na nafasi. Yalikuwa mashati ya mashine. Arobaini na saba ilikuwa imebaki nne. Kumi na mbili ilikuwa imebaki alama ya gundi. Mengine yalikuwa na kovu la pasi, rangi imevutika kama uji, maana picha ya mashine ilikaa juu ya nguo kama gundi, haikuingia ndani kama wino wetu. Mwisho kabisa ikatoka pasi ya makaa. Nzima, na mpini wake.

"Hii ni ya mwenye sitini na tatu," Wekesa akasema. "Amesema mrudishiwe pamoja na nambari yenu."

Akaigeuza. Chini ya pasi, kwenye chuma, imeng'ang'ania, ilikuwa sitini na tatu, imegeuka nyuma mbele. Nyaboke alitoka nje kushika ukuta wake tena.

"Na yetu?" nikauliza.

"Yenu yako kwenye chai. Nikiwa barabarani naona mtu wa safu ya mwisho. Mkubwa anataka mia sita, na amesema nisilete nyingine, nilete za mikono."

Za mikono. Alimaanisha zilizoandikwa kwenye mkono wa shati, lakini mimi nilisikia yote mawili, na nililia pale pale mbele ya mteja, sioni aibu kuwaambia.

Mtadhani Koros alikuja akatupa mkono wa pongezi. Mnamjua mtu aliyeuza ng'ombe wanne? Alisikiliza, akaondoa ile pasi mezani kama mtu anayeondoa mzoga, akamwambia Wekesa, "Hakuna shida. Hata mashine inaweza kuchapa mkononi. Hizo mia sita zitafanywa na mashine, mahali pale pale." Akanigeukia. "Asante kwa wazo, Cheptoo. Mwisho wa mwezi ni ule ule, Jumamosi hii."

"Na pasi?" nikamwambia. "Bado wanakausha kwa pasi."

"Watafundishwa kugeuza shati ndani nje."

"Utawafundisha wewe? Alfajiri, nguo mbichi, kengele imelia, mtoto analia? Utasimama kwenye kila mlango wa laini ukisema geuza mama, geuza?"

"Karakana ni ya nani?"

Ilikuwa yake, na hapo mtu hawezi kubishana. Nikamwambia basi anipe meza badala ya kuipasua, maana mkaratusi ule umelowa wino miaka mingi, hata ukiuwasha utakutoa machozi. Akatupa mkono hewani. "Chukua magogo yako. Kabla ya Jumamosi saa sita."

Kwa hivyo msiniambie nachukia mashine. Nunueni. Ninyi mnachapa picha za harusi na za mazishi, vipande viwili vitatu, kwa kazi hiyo itawafaa kuliko meza yoyote. Lakini kabla ya kutoa hata senti, mwambieni muuzaji awachapie mashati matano mbele yenu, mkiwa mnashika saa tangu dawa ya kwanza mpaka shati likauke, si tangu kichwa kianze kutembea. Pimeni wino kabla na baada, na wa kuosha muuhesabu. Kisha hayo matano msiyafue nyinyi. Wapeni mama zenu wayafue wanavyofua, wayaanike wanapoanika, wayapige pasi wanavyopiga. Mrudi kwa muuzaji baada ya mwezi. Akikataa kuwasubiri, mmeshajua shati lake lina umri gani. Na mkiwa na yale mashati mkononi, mwulizeni aliyeyavaa, si aliyeyalipia.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya soko. Tulifungua miguu ya meza, tukaigeuza meza, tukailaza miguu juu yake, tukaiweka kichwani, mimi mbele, Nyaboke katikati, Rhoda nyuma, kata za kitambaa chini yake. Nilikuwa nimepata nafasi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kinu cha posho, upande wa pili wa mji, kwa hivyo ilibidi tukatize soko lote. Koros alisimama mlangoni na mikono kifuani. Watu wakafungua njia. Wengine walicheka, wengine walitusonya, na jua lilikuwa la utosi. Rhoda, aliyekuwa amenuna wiki tatu, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu, nikajua amenisamehe.

Mbele ya wauza viazi nikasikia uzito wa nyuma umepungua kidogo. Nikageuza shingo kadiri nilivyoweza. Bwana Wekesa alikuwa anatembea kando ya Rhoda, amebeba miguu miwili ya meza kwapani, na fomu ya oda ya zile mia sita imekunjwa mfukoni pamoja na zile kalamu zake tatu. Alikuwa anaangalia mbele tu, kama mtu aliyetumwa.

Mwanamume mmoja wa pale sokoni akatupigia kelele, watu wote wasikie, "Nyinyi wamama, mnahama?"

"Hatuhami," nikamwambia. "Tunaenda kazini."